Matairi ya Theluji

"Haya ya zamani tunayafanyaje?" fundi aliniuliza, huku akiyapigapiga kwa teke kama mtu anayepima uzito wa gunia. Matairi manne yalikuwa yamelala chini ya mti mbele ya gereji yake, mjini Singida. Mapya yalikuwa yameshafungwa kwenye gari. Mimi nilikuwa nimeshatoa pochi, na akili yangu ilikuwa nyumbani kwenye chakula.

Kabla sijajibu, akaniambia kuna kijana ana gari kama langu na anatafuta matairi ya nyuma. "Mimi nakupa elfu sitini kwa kila moja. Manne ni laki mbili na arobaini. Hapo umeshapunguza maumivu."

Maumivu yalikuwepo. Matairi mapya yalikuwa sh 190,000 kila moja, jumla sh 760,000. Sh 240,000 ingekuwa karibu theluthi ya pesa ile kurudi mfukoni. Ilibidi niseme "sawa" tu, neno lenye silabi mbili. Nimeandika makala hii kwa sababu nilichelewa kulisema, na tangu siku hiyo najiuliza kwa nini.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza, RS200. Wanaojua magari watacheka, maana ni gari la ujana: sedani ndogo, yenye nguvu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, iliyotengenezwa Japan kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Niliinunua mkononi mwa mtu Dar es Salaam na kuiendesha mwenyewe hadi Singida kupitia Dodoma, nikijiona nimefika maishani. Mama aliizunguka mara moja, akauliza mbona iko chini hivyo, kisha akaingia ndani.

Februari 2023 nilihitaji matairi. Nilikwenda kwa muuza mitumba, nikakuta seti moja safi kutoka Japan. Mifereji yake ilikuwa na kina, na mpira ulikuwa laini hata ukiuminya kwa kidole gumba. Ubavuni kulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: STUDLESS. Pembeni kulikuwa na alama ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima nyota ya theluji.

"Hii alama ni ya nini?" nilimuuliza.

"Hayo ni ya msimu wa baridi, kaka. Kwetu ndiyo masika. Mvua ikinyesha, hayo yanashika kuliko yote."

Sikumwona kama tapeli, na hadi leo simwoni hivyo. Alikuwa mfasiri. Alichukua misimu ya watu wengine akaitafutia jina kwenye misimu yetu, na tafsiri ikamtosha. Singida tuna misimu miwili tu. Kuna kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi, kisha kuna mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Mtu akikuambia kuna tairi la kiangazi na tairi la baridi, kichwa kinapanga haraka: la kiangazi ni la barabara kavu, la baridi ni la mvua. Inaingia akilini kabisa. Ni uongo ambao hakuna aliyeutunga.

Ukweli niliujua Oktoba ile, kwenye mlima Sekenke.

Aliyewahi kwenda Mwanza kwa barabara anaujua. Ukitoka Singida unapita Iguguno na Misigiri, halafu uwanda wa juu wa Iramba unaishia ghafla na barabara inaanza kushuka kwa kona kuelekea Shelui na tambarare ya Wembere. Malori mengi ya kwenda Mwanza, Rwanda, Burundi na hata Kongo hupita hapo. Tulikuwa tunakwenda msibani Igunga, mama amekaa kushoto kwangu, saa nane mchana, jua limewaka na lami imechemka. Baada ya kona moja nikakuta lori limeharibika upande wetu. Nyuma yake utingo alikuwa ameinama, anatandaza matawi ya miti barabarani, ile ishara yetu ya kuwaambia wanaokuja kwamba kuna gari limekufa.

Nilikanyaga breki. Kwa mwendo niliokuwa nao nilijua gari litasimama mapema, halikusimama. Pedali ilitetemeka chini ya mguu, usukani ukawa mzito kuitikia, na gari likaendelea kama linateleza kwenye ugali. Lilipotulia, bampa ilikuwa juu ya matawi. Utingo alikuwa bado ameshika tawi la mwisho, umbali wa mkono mmoja. Hakunitukana. Aliinama akachungulia dirishani, akasema, "Pole, mama."

Nilirudi Singida polepole kuliko nilivyowahi kuendesha. Kesho yake fundi alilipandisha gari kwa jeki, akapapasa mpira wa tairi, akaniuliza kama nina mpango wa kuhamia Ulaya.

Nimesoma mengi tangu hapo, na yanayofaa kujua si mengi. Mpira wa tairi la theluji huchanganywa ili ubaki laini kwenye baridi ambayo mpira wa kawaida hukakamaa. Watengenezaji hutaja nyuzi 7 za sentigredi kama mpaka: chini ya hapo tairi la baridi ndilo linaloshika vizuri, juu ya hapo la kiangazi hulipita. Asubuhi ya Julai hapa kwetu, na upepo wake wote, huwa haifiki huko. Saa nane mchana ya Oktoba hata haikaribii. Kwenye joto, mpira ule unalegea. Uso wake umechanjwa mamia ya nyufa nyembamba za kung'ata theluji, na nyufa hizo hufanya kila kipande cha mpira kiyumbe gari linapofunga breki. Tairi linalika upesi, linachelewa kugeuka, na linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, iwe lami ni kavu au imelowa mvua ya nchi ya joto. Kwa maneno mengine, tairi linalofaa masika ya Singida ni lile linaloitwa la kiangazi.

Kilichonishangaza zaidi ni neno STUDLESS. Maana yake ni "lisilo na misumari". Zamani katika miji ya baridi ya Japan watu walifunga matairi yenye vijino vya chuma ili kushika barafu. Yalishika kweli. Lakini theluji ilipoyeyuka, vile vijino vilikwangua lami, na vumbi lake likajaa mitaani kwenye miji kama Sendai na Sapporo, likaingia kwenye mapafu ya watembea kwa miguu. Kampuni zikatafuta mpira ambao ungeshika barafu bila chuma. Bridgestone ilianza kuuza Blizzak yake mwaka 1988. Mwaka 1990 Japan ikatunga sheria ya kuzuia matairi ya misumari.

Kwa hiyo tairi lililokaribia kumwua utingo wa Sekenke lilizaliwa kutokana na swali la maadili. Je, nina haki ya kununua usalama wangu kwa mapafu ya mpita njia? Wajapani walijibu hapana, wakatengeneza kitu kipya. Kisha kitu hicho kikapanda meli.

Kuna jambo jingine. Tairi la theluji la Japan lina alama ndani ya mifereji inayoonyesha nusu ya uhai wake. Likilika hadi hapo, halihesabiwi tena kuwa linafaa kwenye theluji, ingawa mifereji bado ina kina kizuri na sheria yao ya kawaida inaruhusu hadi milimita 1.6. Mwenye busara huko hulitoa. Ndiyo maana mitumba hii huonekana mipya machoni petu. Kina kilichonifurahisha Februari kilikuwa ni kina cha kitu ambacho mtu mwingine alikitupa kwa sababu nzuri.

Na umri. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yangu yalisomeka 3813, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2013. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na kampuni nyingi kubwa husema tairi lisivuke miaka 10, liwe limelika au halijalika. Langu lilikuwa limevuka mwezi uliotangulia. Kusoma tarakimu zile kunachukua sekunde tano. Nilikuwa nimeoshea gari lile mara arobaini.

Aristotle alisema watunga sheria huadhibu hata ujinga, pale mtu anapokuwa ndiye chanzo cha ujinga wake, na akatoa mfano wa mlevi. Niliposoma hilo nilijisikia nimetajwa. Sikujua, ndiyo. Lakini nilikuwa na pesa za kununua spotirimu zinazong'aa mwaka uliotangulia, na simu yenye intaneti mfukoni. Umaskini hauwezi kunitetea, na kutojua kunanitetea kidogo tu, hadi pale nilipoona ile nyota ya theluji, nikauliza swali moja, nikaridhika na jibu lililonifaa.

Sasa turudi chini ya mti, kwenye sh 240,000.

Swali la fundi lina zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens kitabu kuhusu wajibu. Humo kuna kisa cha mfanyabiashara anayefika kisiwani Rhodes wakati wa njaa, meli yake imejaa nafaka kutoka Alexandria. Njiani ameziona meli nyingine zenye nafaka zikija. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, bei ishuke, au anyamaze auze? Diogenes wa Babeli alisema anaruhusiwa kunyamaza: kutosema si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alisema lazima aseme, kwa sababu wote ni watu wa jamii moja. Cicero alimuunga mkono Antipater. Waislamu wana kisa chao kinachofanana: Mtume alitia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu, naye akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuweka iliyolowa juu ili watu waione.

Hapa Singida, penye Waislamu na Wakristo wengi, hakuna atakayekubishia ukitaja visa hivyo. Sote ni Antipater tunaponunua. Tunakuwa Diogenes tunapouza.

Nilimwambia fundi sitauza bila kumwambia mnunuzi ukweli wote. Akacheka. "Mwite basi, umwambie." Akampigia.

Kijana alikuja na Altezza ya rangi ya fedha, muziki ukiwa juu. Nilimweleza yote: theluji, joto, wiki ya 38, Sekenke. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akanishika mkono, akaniongoza hadi nyuma ya gari lake. Matairi ya mbele yalikuwa ya wastani. Ya nyuma yalikuwa kipara, na moja lilikuwa limeanza kuonyesha nyuzi.

"Bro, nakushukuru kwa kusema ukweli. Lakini niambie, yapi ni mabaya zaidi, yako au haya? Mimi nina laki na nusu. Kwa hiyo pesa napata mawili yako. Mapya sipati hata moja na robo… tuseme sipati moja la maana. Niuzie."

Hapo ndipo falsafa yangu iliishiwa upepo. Alikuwa sahihi. Mvua ikinyesha, tairi la theluji lenye mifereji ni bora kuliko kipara. Nilikuwa nimesema ukweli, amesikia, ameridhia. Ana miaka ishirini na kitu, ana akili zake. Kwa hesabu za Antipater nilikuwa nimemaliza deni langu. Nilifungua mdomo kusema sawa.

Kilichonizuia ni tawi. Nilimwona tena yule utingo na tawi lake. Nani alimuuliza yeye kama anaridhia?

Mnunuzi anaweza kukubali hatari yake mwenyewe. Hawezi kukubali kwa niaba ya abiria wake, wala bodaboda anayevuka, wala mama anayeuza vitunguu kandokando ya barabara. Wengi wetu tulilia Novemba 2013 Paul Walker alipofariki Marekani. Tunakumbuka Porsche na mwendo, na ripoti ya uchunguzi ilisema kweli kwamba mwendo ndio ulioua. Ripoti hiyo hiyo ilitaja pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na miaka tisa. Tunachosahau ni kwamba Paul Walker, nyota wa filamu za mbio za magari, siku ile hakuwa dereva. Alikuwa abiria.

Ukweli niliomwambia kijana ulikuwa wa lazima lakini haukutosha. Ulinisafisha mimi mbele yake. Haukufupisha hata sentimita moja ya umbali wa breki.

Lakini kukataa nako? Ningekunja mikono, niseme "siuzi," niende nyumbani nikiwa msafi, na kijana aondoke na nyuzi zake nje kuelekea Kiomboi alikokuwa anaenda jioni ile. Mikono safi ni kitu cha bei rahisi ikiwa hatari inabaki barabarani.

Nikaanza kuhesabu mikono iliyoyapitia matairi yale. Mwenye gari Japan aliyatoa kwa sababu yalikuwa hatari kwake, na pengine alilipia yaondolewe. Aliyeyakusanya alipata faida. Aliyeyasafirisha alipata faida. Wa Dar es Salaam alipata. Wa Singida alipata. Kila mmoja alimpa anayefuata tairi lile lile na kumwachia sehemu ya kutojua. Hatari haipungui inapouzwa, inabadilisha mwenyewe tu. Na sasa zamu ilikuwa yangu, na sh 240,000 ilikuwa faida yangu.

Kuna sauti iliyoniambia, tena kwa hasira, kwamba si haki. Kwa nini hasara imuangukie mwalimu wa Singida, wakati wenye uwezo wote juu yake wamepata? Sauti ile ina hoja, na sina jibu la kuinyamazisha. Mnyororo huu ulipaswa kukatwa bandarini, au kabla ya hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba mnyororo haukatiki bila mtu kula hasara, na katika wote walioyashika matairi yale, mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu zaidi na barabara yatakayotumika, nikijua yatakachofanya. Kujua ndiko kulikonifanya niwe wa mwisho. Ningependa kisingekuwa hivyo.

Tulichofanya si cha kishujaa. Nilimuomba fundi ampe kijana matairi mawili mapya, ya aina yangu, sh 380,000. Kijana akatoa sh 150,000 yake. Sh 230,000 iliyobaki angelipa kidogo kidogo, na mimi nikawa mdhamini. Fundi alisita, akaniangalia kama mtu anayemwona mteja akipata homa, kisha akakubali. Akayafunga nyuma. Kijana aliondoka bila kunishukuru sana. Nadhani aliona nimemwingiza kwenye deni ambalo hakulitaka. Huenda ni kweli.

Matairi yangu niliyachukua. Nyumbani nilitoa msumeno wa chuma nikayakata ubavu, moja baada ya jingine, ili asije mtu yeyote, hata mimi siku nikiishiwa, akayafunga tena kwenye gari. Mdogo wangu alisimama mlangoni akitazama. "Kaka, unakata pesa," alisema. Sikumbishia. Mama akayajaza udongo, akapanda maua.

Kijana alilipa sh 180,000 kwa miezi mitano, kisha akahama, na simu yake ikawa haipatikani. Sh 50,000 ya mwisho nililipa mimi. Nilinung'unika, sitadanganya. Nilipiga hesabu usiku ule: sh 240,000 niliyokataa, na 50,000 niliyolipa. Laki mbili na tisini.

Mwezi uliofuata nilipita tena Sekenke, peke yangu, mvua ikinyesha. Chini karibu na Shelui lori lilikuwa limesimama, na matawi yalikuwa yametandazwa nyuma yake. Nilikanyaga breki mapema, gari likasimama mbali. Utingo aliyekuwa pale hakuwa yule wa mwanzo. Hata hakunitazama. Aliendelea kufungua nati za gurudumu, mgongo wake ukiwa umegeukia barabara, kama mtu asiye na sababu ya kuogopa.